Wimbo wa Kumkamulia Mwekundu

Baba alikubali kwenda Dodoma kutolewa mtoto wa jicho kwa sharti moja tu: akirudi amkute ng'ombe wake mwekundu bado anakamuliwa. Bila ahadi hiyo, hakuna ambaye angemtoa hapa Kintinku, hata daktari mwenyewe.

Ndama wa Mwekundu alikuwa amekufa. Mfugaji anajua: hawa ng'ombe wetu wa kienyeji bila ndama hubana maziwa, na siku zikipita hukauka kabisa. Baba alimshinda kwa wimbo. Anaegemeza paji la uso ubavuni mwake, anaimba Kigogo, anazisifia pembe, anamsifia mama yake na bibi yake, na maziwa yanashuka. Akiimba mtu mwingine, ni mateke. Basi kabla hajapanda basi nilimrekodi kwenye tableti yangu, nikawa naitundika kwenye nguzo ya zizi, baba anaimba, mama anakamua. Ilifanya kazi! Nilijiona bingwa.

Sasa bingwa hatulii. Tableti ilikuwa ya zamani, kila programu mpya inaikataa. Nikaona video mtandaoni inayofundisha kuiwekea mfumo mpya mwenyewe. Nikaiflashi. Ikazima, ikawaka, ikaonyesha nembo, ikazima, ikawaka, nembo tena. Nikaipiga kofi kama redio ya zamani. Nembo.

"Sauti ya baba yako iko wapi?" mama akauliza jioni, ndoo mkononi.

Nikamweleza.

"Ujuaji wako huo! Haya, imba wewe."

Nikaimba. Ndoo ikaenda upande wake, mimi upande wangu. Tukampigia baba kwa kitochi cha mama, tukamdanganya kwamba ng'ombe kammisi. Masikini baba, akaimba kwa nguvu zote, jicho limefungwa bandeji, mtandao unamkatakata. Kisha tukasikia nesi: "Mzee wangu, hii ni wodi!" Simu ikakatika. Mama alicheka mpaka akakalia samadi, halafu akaiokota ndoo tupu.

"Atamkuta amekauka," akasema. Hapo nililia, na mimi silii ovyo.

Asubuhi nilikuwa Manyoni kwa fundi, kijana mwenye maneno mengi kuliko bisibisi.

"Dada, faili uliloweka ni la tableti nyingine. Zinafanana sura tu. Nikifuta kila kitu, inawaka sasa hivi."

"Thubutu! Ukifuta, nakuletea huyo ng'ombe umkamue wewe."

Akacheka, akaichomeka kwenye kompyuta, akatafuta mfumo wake wa asili na kuurudisha juu ya ule mbovu bila kugusa vitu vyangu. Aliniambia nikae. Nikae wapi, na roho iko mkononi? Ikazima. Ikawaka. Nembo. Nikafumba macho. Nilipofumbua, picha ya shamba letu la alizeti ilikuwa inanitazama. Nikaitafuta ile rekodi, nikabonyeza, baba akaanza kuimba pale dukani kwa sauti ya juu kabisa. Mama mmoja aliyeleta simu kuchaji akapiga kigelegele. Mzee mmoja mlangoni akasema, "Huyo ng'ombe anabembelezwa kuliko mke wangu." Fundi nilimkumbatia, bila aibu.

Jioni Mwekundu alitega masikio, akasita, akaachia. Kikombe kimoja tu, lakini yalikuwa maziwa. Kila siku yakaongezeka kidogo.

Siku baba aliporudi hatukumsikia akiingia. Mama alikuwa ameshachuchumaa zizini, mimi nafungua tableti. Mara mtu akakohoa nyuma yetu. Alikohoa tu, hajaimba hata neno. Mwekundu akageuza kichwa, na maziwa yakaanza kudondoka yenyewe, mama hajagusa chuchu.

"Shikamoo, baba!" nikapiga kelele.

"Marahaba," akajibu, lakini alikuwa ameshamfikia ng'ombe. Akamtazama usoni kwa lile jicho jipya. "Kumbe una kope ndefu hivi! Miaka yote sikujua."

"Na mimi je?" mama akamtania. "Mimi hunioni?"

"Wewe nimekuona tangu kule njiani," baba akasema. "Unadhani nilikohoa kwa ajili ya nani?"

Mama, na maneno yake yote yale, akavuta kanga akafunika uso. Maziwa yakaendelea kumwagika chini mpaka nikachukua ndoo mwenyewe.