Kumi na Tatu Ambayo Sikuiandika

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ghala la nafaka pale Turbo, nilikabidhiwa bambo. Ni chuma chembamba chenye ncha na mfereji. Unakidunga kwenye gunia na punje zinateremka mkononi bila kufungua kamba. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne, nikadhani kazi ni hiyo tu. Msimamizi wa ghala akanirekebisha.

"Wafula, hapa unapima, unaandika, unapeana karatasi. Hiyo yote ni kazi moja. Usiende chai katikati."

Nilimtii miaka miwili. Kisha nikahamishiwa Eldoret, ghala kubwa, nikawa mpimaji mkuu wa unyevu, mwenye meza na kiti chake. Hapo ndipo nilipoharibika.

Ninyi vijana mna simu za kuwapotezea muda. Sisi tulikuwa na koti. Unalitundika mgongoni mwa kiti, unaacha kalamu juu ya kitabu, unatoka. Anayekutafuta anaambiwa, "Yuko, si unaona koti?" Na huku kwetu anayeondoka hasemi naenda, anasema "nakuja." Nakuja, nikaenda chai. Nakuja, nikaenda kwa kinyozi. Wala sikujiona mvivu. Nilitembea haraka, funguo mkononi, na jioni nilikuwa nimechoka kweli.

Ijumaa moja wakati wa mavuno, mkulima mmoja, Mama Jerono, alifika kutoka Turbo na mumewe, trela la trekta limejaa mahindi. Nilidunga magunia yao, nikabeba punje hadi ndani kwenye kipimo cha unyevu. Kumi na tatu. Sisi tulipokea mpaka kumi na tatu na nusu, kwa hivyo mahindi yale yalikuwa safi. Kilichobaki ni kuandika karatasi. Lakini kitabu cha karatasi kilikuwa ofisi ya pili, nikapita nje.

"Mama, ngojeni hapo. Nakuja."

"Usikawie, tafadhali. Hiyo mawingu siipendi."

"Mama, nakuja tu!"

Kabla sijafika ofisini, rafiki yangu akaniita chai. Kwenye chai akanikumbusha ploti iliyokuwa ikiuzwa Kapsoya, tukaenda kuiona. Niliporudi, ghala lilikuwa limefungwa hadi Jumatatu, na trela lao limepangwa nje ya lango. Jumamosi ikanyesha. Jumapili ikanyesha tena, na turubai lao lilikuwa limetoboka.

Jumatatu meneja alisimama kando yangu nikipima upya. Kumi na saba.

"Imekataa," akawaambia. "Rudisheni nyumbani mkaushe."

"Meneja, hii mahindi mimi niliuma mwenyewe," mume akasema. "Ilikuwa kavu, inalia kwa meno!"

Meneja akanigeukia. "Ijumaa ilisoma ngapi?"

Niliangalia kitabu, ambacho hakikuwa na kitu.

"Hata Ijumaa ilikuwa juu, sir."

Mama Jerono akamgeukia mumewe mbele ya madereva wote. "Si nilikuambia uanike siku mbili zaidi? Wewe na haraka yako!" Madereva wakacheka. Mzee yule akaanza kufunga turubai. Baadaye nilisikia kwamba mahindi yaliingia kuvu, wakayamwaga.

Wiki ile nilianza kuandika kila nilichofanya, saa kwa saa. Kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, kazi yenyewe haikujaza hata saa tatu kwa jumla. Zilizobaki zilikuwa kutoka na kurudi. Tangu hapo sikuinuka kabla karatasi haijafika mkononi mwa mkulima, na chai yangu niliiwekea saa yake. Siku ya kustaafu walinisifu kwa hilo. Nilikaa nikizisikiliza sifa zile kama ninatukanwa. Kama mnataka ushauri wangu, ni huu tu: muda unaotoroka nao ni wa mtu fulani, na mtu huyo yuko nje anangoja.

Mwaka jana nilikwenda Turbo kumtafuta Mama Jerono. Alinikaribisha vizuri, akaniletea kiti kivulini na mursik, maziwa yao ya mgando ya kibuyuni. Mumewe alikuwa ameshafariki.

"Yule mzee aliniangusha na mahindi," akasema akicheka kidogo. "Nilimwimbia hiyo maneno mpaka akaenda."

"Mama, ilikuwa kumi na tatu."

"Nini?"

"Ijumaa. Ilisoma kumi na tatu. Mzee wako alikuwa ameyakausha vizuri. Mimi ndiye sikuandika, kisha nikadanganya."

Hakunitukana, ingawa nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Aliniuliza tena ilikuwa ngapi, nikamwambia. Akainuka, akaniacha pale, akazunguka nyuma ya nyumba walikomzika mzee. Nikamsikia akisema naye kwa Kinandi, polepole. Sielewi lugha hiyo, ila hesabu, kwa sababu wakulima walizoea kusoma karatasi zangu kwa sauti. *Taman ak somok*, alikuwa akimwambia. Kumi na tatu.