Mkwaruzo wa Mlango wa Nyuma

Gereji nzima walimwita Mama Msasa, na jina lilimkaa kama ovaroli yake, yaani lilimpwaya kidogo lakini alishalizoea. Kazi yake ilikuwa mikwaruzo. Wenzake walinyoosha bodi zilizobondeka au walishusha injini. Yeye aliletewa gari lililoguswa na pikipiki kwenye foleni, lililochorwa kwa msumari na mtoto mtundu, au lililobusu ukuta likirudi nyuma. Alikuwa na kona yake chini ya bati, yenye taa ndefu ya mkononi, ndoo mbili za maji safi, na rafu ya misasa iliyopangwa kuanzia ule unaokwangua mpaka ule laini ambao ungeweza kujifutia uso.

Nyumbani hadithi ilikuwa nyingine. Mumewe alikuwa dereva wa mama mmoja, mkurugenzi wa kampuni pale mjini, naye mwenyewe alikuwa mtu wa mashati yaliyonyooka na viatu vya kujitazamia. Madereva wenzake walipomuuliza mkewe anafanya nini, alijibu kwamba ana kabiashara kake. Kabiashara gani, hakusema, nao hawakumchimba. Mama Msasa aliyasikia hayo kwa masikio yake, siku ya kikao cha wazazi shuleni, akiwa amechelewa kufika na kukaa nyuma ya mumewe na dereva mwenzake bila wao kujua. Yalimuuma. Watoto waliokuwa wakijadiliwa pale walisoma kwa misasa ile kama walivyosoma kwa usukani wa baba yao. Hakugombana naye. Alinuna tu, na mumewe, ambaye angeusikia mlio mdogo wa beringi kutoka barabara ya pili, hakugundua kitu.

Basi asubuhi moja gari jeusi la mkurugenzi likaingia gerejini polepole, na aliyeshuka ni yeye, bwana shati. Hakuwahi kukanyaga pale hata siku moja. Leo shati lilikuwa limechomoka na kijasho chembamba kinamtiririka, na alikuwa akitazama chini asije akakanyaga oili.

"Mama watoto," alisema kwa sauti ya chini, "nimekwisha."

Alieleza akimeza mate kila baada ya maneno matatu. Jana alikuwa akilitoa gari nyumbani kwa mkurugenzi, akakata kona mapema, na komeo la geti likaupitia mlango wa nyuma. Bosi alikuwa safarini na angerudi kesho mchana. Dereva aliyemtangulia alivunja taa moja tu, na hata wiki haikuisha kabla hajaonyeshwa mlango. Kama bosi angeukuta mkwaruzo ule, kazi ilikuwa imekwenda na maji.

Mama Msasa aliwasha taa akailaza karibu na mlango, maana mkwaruzo ukiumulika kwa mbele unakudanganya. Umulike kwa ubavu uone aibu zake zote. Kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mstari, taratibu, akiwa amefumba macho. Mwanzoni ukucha uliteleza. Katikati ukanasa. Mwishoni ukateleza tena. Akachota maji kwa kiganja akaumwagia: ncha mbili za mstari zikapotea, lakini katikati ikabaki alama ya kijivu, haikutikisika.

Alimwonyesha. Rangi ya gari, alimweleza, si kitu kimoja. Chini kuna bati, juu yake rangi ya kutangulizia, halafu rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi isiyo na rangi, ambayo mafundi huiita klia. Panapopotea kwa maji pameumia klia tu, na msasa wa maji na mashine ya kung'arishia vinatosha. Panapobaki kijivu rangi yenyewe imekatika. Hapo husugui ukamaliza. Hapo unapiga rangi upya, halafu klia mlango mzima, halafu unasubiri ikauke na kukomaa, na klia haijui kwamba bosi wako anarudi kesho.

"Na huu ukungu hapa pembeni?" aliuliza. "Geti halisugui kwa mviringo."

Mumewe akajikuna shingo. Ilibidi aseme. Jana ile ile alisikia kwamba dawa ya meno huondoa mikwaruzo, akasugua na dawa ya meno. Ilipokataa, akachukua waya wa kusugulia masufuria. Kidogo tu, alisema.

Chini ya gari lililokuwa jirani palisikika mtu akikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Alikuwa Fundi Bodi, mzee wa kunyoosha mabati, ambaye tangu mwanzo alikuwa amelala kimya akila uhondo wote. Na ni kweli, mjini mle pengine palikuwa na mtu mmoja tu anayelala kitanda kimoja na fundi wa rangi na bado akalisugua gari la watu kwa waya wa sufuria, naye ndiye huyo aliyesimama pale na shati nje.

Lakini dereva hakuwa mjinga kabisa. Macho yake yalikuwa yamekwishaona rafuni kopo la nta nyeusi, ile inayojaza mkwaruzo na kuufunika. Akamsihi mkewe aipake. Ingekuwa kazi ya dakika chache, bosi angekuja, angeona mlango unang'aa, na yote yangekwisha. Baadaye wangetafuta siku ya kuutengeneza vizuri.

Mama Msasa aliliangalia lile kopo, na niseme ukweli, alitamani kulichukua. Alikuwa na hofu. Kazi ya mumewe ilikuwa nusu ya nyumba yao, na yeye peke yake asingeibeba. Ila juu ya hofu palikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyotangulia kufungua mdomo.

"Miaka yote hii mimi ni kabiashara," alisema. "Leo kabiashara kamekuwa fundi?"

Mumewe hakujua kwamba siku ile ya kikao mkewe alimsikia. Alisimama akiangalia viatu vyake, na kwa mara ya kwanza Mama Msasa aliona kwamba kweli ameona haya. Hasira yake ikapungua, ingawa hakumwonyesha.

"Nikikupakia hii, kesho hufukuzwi," alimwambia. "Utafukuzwa siku gari litakapooshwa nta ikatoka, na mimi nitakuwa nimekusaidia kudanganya. Mpigie. Mwambie umekwaruza, na mwambie na huo waya."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Hilo alilijua hata mumewe, lakini kulijua ni kitu kimoja na kubonyeza namba ya bosi ni kingine. Aliitoa simu, akairudisha mfukoni, akaitoa tena. Mama Msasa alimgeuzia mgongo akajifanya anakoroga rangi kwenye kopo lililokuwa halina kitu.

Alimsikia akisalimia, akieleza, akiruka habari za waya halafu akizirudia mwenyewe bila kuulizwa. Kisha swali ambalo hakulisikia, ila jibu lake alilisikia vizuri, na Fundi Bodi naye alilisikia, maana alitoa kichwa chini ya gari.

"Anatengeneza mke wangu, Mama. Ndiyo, mke wangu. Ni fundi wa rangi."

Bosi alijibu kwa ufupi. Gari libaki hapo hapo mpaka liishe, naye angeliona kwa macho yake, ndipo angejua la kuzungumza na dereva wake. Haikuwa huruma wala hukumu, na dereva alikaa juu ya tairi kuukuu bila kujali suruali.

Mama Msasa akaanza kazi. Alifunika vioo na vishikio kwa magazeti na utepe, akasawazisha jeraha kwa msasa wa maji, akapiga rangi nyembamba nyembamba kwa bunduki ya upepo, akisubiri kila tabaka likauke, halafu akaushushia klia mlango mzima kutoka ukingo hadi ukingo. Siku zilizofuata mumewe alikuja kila asubuhi. Klia ilipokomaa, alishika taa huku mkewe akisugua na kung'arisha, na alipoambiwa ailaze taa zaidi aliilaza, na alipoambiwa asiguse, hakugusa.

Mkurugenzi alikuja kwa teksi. Hakusalimia sana. Alizunguka hadi upande ule akainama, akapitisha kiganja mlangoni mbele na nyuma, akasogea kando auangalie kwa jua, akarudi. Dereva wake na Mama Msasa walisimama pembeni wakimfuata kwa macho.

"Mkwaruzo ulikuwa wapi?" bosi aliuliza hatimaye.

Kilichofuata Mama Msasa hakukitegemea. Mumewe, yule aliyetaka mkwaruzo ule ufunikwe kabla jua halijapanda, aliruka mbele na kidole.

"Hapa, Mama. Ulianzia hapa, ukapita hapa, hapa katikati rangi ilikatika kabisa. Na huku ndiko nilikoharibu mimi kwa waya. Angalia sasa. Angalia kwa ubavu, kwa mbele utadanganyika. Mke wangu ndiye aliyefanya hivi."

Bosi akaangalia kwa ubavu. Akamwambia kesho aje amchukue saa ile ile ya kila siku, na awe anaikata ile kona taratibu. Dereva aliitikia, lakini nadhani hakusikia vizuri, kwa sababu alikuwa amekwishamshika mkono dereva wa teksi na anamvuta mlangoni, amwonyeshe naye.