Mpira wa Karibirateri Aliouficha Fundi

Fundi aliniambia mara tatu kwamba pikipiki haina ugonjwa, mgonjwa ni mkono wangu.

Ni pikipiki ya zamani, niliachiwa na baba. Karibu kila asubuhi natoka nayo Rumonge kwenda Magara kununua ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mwaka huu ikaanza kuzimika nikipunguza mwendo, na siku nyingine inanguruma yenyewe hata nikiachia mkono wa gesi kabisa. Fundi huyo amekuwa akiitengeneza tangu enzi za baba, tena ni rafiki wa kaka yangu mkubwa. Sikuwa na sababu ya kumtilia shaka.

“Mama, unafunguaka gaz sana,” alisema mara ya kwanza. Mara ya pili akasingizia esansi ya bidoni, petroli ya kwenye madumu ambayo sote tunanunua siku ambazo vituo vya mafuta ni vikavu. Mara ya tatu hata hakuinama kuitazama. Aliwageukia wanaume waliokaa kwenye benchi lake.

“Wanawake na pikipiki, iko shida!”

Wakacheka. Kaka yangu alikuwa kati yao, naye akacheka.

Siku mbili baadaye Magara hapakuwa na samaki, nikaendelea hadi Gitaza. Nilipoachia gesi ili nisimame, moteri, injini yenyewe, ikapanda mwendo bila mkono wangu. Nikakanyaga breki, gurudumu likateleza, nikaingia moja kwa moja kwenye ndagala zilizoanikwa kando ya barabara. Mama aliyekuwa akizigeuza aliruka pembeni. Pikipiki ikanilalia mguu, na ekzosi ikaniunguza shavu la mguu.

“Unataka kuniua?” alipiga kelele.

“Gaz niliachia, mama! Inapanda yenyewe!”

Alinitazama, akauona mguu. Akaacha samaki wake mchangani na kunimwagia maji ya kunywa ya bidoni lake, taratibu, mpaka yakaisha. Nililia, na si kwa maumivu tu.

Tulipoiinua pikipiki, kitu cheusi kilikuwa kinaning'inia kando ya moteri. Kilikuwa kipande cha shambrea, mpira wa ndani ya tairi, kimepakwa gundi. Kilikuwa kimezungushwa kwenye ule mpira mfupi unaounganisha moteri na karibirateri, inayochanganya hewa na esansi. Chini yake mpira ulikuwa umepasuka, ufa wa kuingiza ukucha. Hewa ilikuwa inaingilia hapo, ndiyo maana moteri haikusikia mkono wangu. Na hakuna fundi mwingine aliyewahi kuigusa pikipiki hiyo. Fundi aliujua ufa, akaufunga, kisha akanicheka.

Jioni, niliporudi Rumonge, nilimwekea fundi kile kipande mbele yake.

“Ulijua.”

“Nilikusaidia. Huo mpira haipatikani tena.”

“Mbona hukuniambia? Mbona ulisema ni mkono wangu?”

Kaka ndiye aliyejibu, kutoka kwenye benchi: “Usimupigie makelele mbele ya watu.”

“Aliponifanya kichekesho cha watu, wewe ulikuwa wapi?” Hakuna aliyecheka safari hii.

Kesho yake nilipanda basi hadi Bujumbura, mpira wa zamani ukiwa ndani ya mkoba wangu. Duka la kwanza hawakuwa nao, la pili hawakuwa nao. Katika la tatu mzee alichomoa mmoja kutoka ndani ya boksi lenye vumbi. Niliufunga mwenyewe uani kwangu. Ulikuwa mgumu kama jiwe, nikauloweka katika maji ya moto hadi ukalainika, nikauvalisha, nikakaza skrubu kwa bisibisi. Nikawasha. Moteri ikatulia, sauti moja, haipandi wala haishuki. Nilikaa chini nikaisikiliza muda mrefu. Kazi yenyewe haikuchukua hata saa mbili.

Wiki iliyopita kaka alikuja nyumbani. Alisimama mlangoni, hakukaa.

“Fundi anakuomba musamaha.”

“Miguu yake iko mizima. Aje mwenyewe.”

Mpaka leo hajaja. Kovu la mguu limekuwa jeusi, na pikipiki yangu sasa naitengenezesha Kizuka, kwa fundi ambaye huinama kwanza, ndipo anasema.