Mzee Aliwekeshwa Kidole Kwangu Siku ya Krismasi

Admin, ficha jina langu kabisa. Bwanangu anafuata hii page na huwa anasoma mpaka comments. Majina ya hao wengine pia nimebadilisha.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, mwalimu wa primary, naishi Yamumbi hapa Eldoret na bwanangu na watoto wetu wawili. Mamangu alikula Krismasi yake ya mwisho peke yake, chai na mkate, sababu mimi nilikuwa nimeenda kwa wakwe na ndugu zangu kila mmoja alidhani mwenzake yuko naye. Februari tukamzika. Tangu hapo, kila Krismasi naita wazee ambao wangebaki peke yao, nawapikia, tunaimba, tunaomba, halafu tunawarudisha kwao. Hii imepita ilikuwa ya nne.

Bwanangu, Baba Brian, hakuwahi kupenda hii maneno. Krismasi ya tatu aliniambia, "Umegeuza nyumba yangu kuwa makao ya wazee," akaenda kwa ndugu yake mpaka wageni wakatoka. Kwa hivyo safari hii aliposema mwenyewe, "Mama Brian, ule mzee wa Chepsaita umeita niachie mimi, nitamleta na gari," nilifurahi kama mjinga. Nilidhani Mungu amejibu maombi yangu.

Huyo mzee, tumwite Mzee Kiptoo, alifiwa na mkewe, na mtoto wake ni mmoja tu, msichana ambaye ni nurse ng'ambo. Mzee mwenyewe hakusoma. Yuko na shamba nzuri inapakana na lami, huwa anakodishia watu wapande mahindi.

Siku hiyo bwanangu alimkalisha kwa kiti yake mwenyewe, ile hata watoto hawakalii. Akamkatia nyama. Akawa anamuuliza, "Mzee, na huyu msichana wako, anapanga kurudi lini?" Mzee akasema hajui, labda akistaafu. Bwanangu akatingisha kichwa pole pole. Mimi niko na sufuria ya pilau mkononi, nikajiuliza tangu lini huyu mtu anajali msichana wa wenyewe.

Tukiwa katikati ya chakula akaingia mwanaume simjui, koti safi, bahasha ya kaki kwapani. Bwanangu akasema ni rafiki yake amepita tu kusalimia. Hakukubali hata soda. Baada ya muda kidogo wote watatu wakatoka nyuma ya nyumba, ati mzee apate hewa.

Kulikuwa na Mama Njoki, mjane wa mtaa wa West Indies hapa mjini, aliyefanya biashara ya duka miaka mingi. Akanivuta leso. "Mwalimu, huyo wa bahasha ni nani? Mimi nimekaa kwa duka, najua mtu amekuja kula na mtu amekuja kazi."

Nilicheka, lakini nikaondoka mezani. Nikabeba chai nikaenda nyuma. Nikapata mgeni anafunga bahasha, na Mzee Kiptoo anapangusa kidole gumba na karatasi. Kidole kilikuwa na wino.

"Mzee, umefanya nini kwa kidole?"

"Aah, mama, bwana yako ananiwekea bima ya hospitali. Mungu awabariki sana."

Bwanangu hakuniangalia. Alisema tu, "Peleka chai ndani, inapoa."

Wageni walipoenda nilimuuliza kama bima siku hizi inaandikishwa Krismasi, nyuma ya nyumba. Akasema najifanya polisi. Nilipomwomba nione hiyo fomu akasema iko na agenti. Agenti anaitwa nani? Akawasha TV.

Wiki mbili baadaye nilitafuta charger kwa gari, nikapata kopi ya kitambulisho cha Mzee Kiptoo, na nyuma yake bwanangu ameandika kwa mkono wake namba ya kipande cha shamba. Sasa nyinyi niambieni, hospitali inataka namba ya shamba ya nini?

Jumamosi nikapanda mpaka Chepsaita, nikasema nimekuja kumjulia hali. Alinipa mursik, yale maziwa ya kibuyu, akanionyesha ng'ombe. Halafu akasema, amefurahi, "Watu wa bwana yako walikuja kupima hapa kwa fensi. Wanasema italetwa maji. Yule kijana, bwana yako, sasa ni kama mtoto wangu." Nilimuuliza kama kuna mtu alimsomea zile karatasi. Akanishangaa. "Kusomewa ya nini, mama? Si ilikuwa kwa nyumba yako?"

Hapo ndipo niliumia. Hakumwamini bwanangu. Aliniamini mimi. Nikamaliza mursik nikaenda bila kumwonya.

Jioni hiyo msichana wake alinipigia kutoka huko ng'ambo, namba alipewa na babake, akilia kwa shukrani. "Madam, asante kwa kukaa na babangu. Mimi hulala vizuri nikijua mko." Nilisema karibu. Karibu! Simu ikakatika nikabaki nimekaa kwa kitanda kama mtu ameibiwa, na labda mwizi ni mimi.

Sina ushahidi kuwa zile karatasi zilikuwa za kuuza shamba yake. Pengine ni bima kweli na mimi ni mke mwenye roho mbaya. Nikimwambia huyo msichana, bwanangu atajua ni nani alisema, na ndoa ya miaka kumi na saba imeisha, pengine na yeye ashikwe, watoto wabaki bila baba. Nikinyamaza, mzee atafukuzwa kwake akiwa na miaka karibu themanini.

Nilikuwa nimeamua kungoja kidogo. Lakini jana bwanangu alikuja jikoni, akanishika bega vizuri, kitu hajafanya kwa muda mrefu. Akasema, "Unajua ile Krismasi yako ilikuwa poa. Pasaka tufanye ingine, kubwa. Wewe watu wanakuamini. Nitafutie wale hawana watoto karibu."

Ndugu na dada mnaosoma hii, sijalala. Nianzie wapi, kwa chifu, kwa huyo msichana, ama kwa bwanangu? Nisaidieni kabla ya Pasaka.