Buluu Yangu Kihambani kwa Baba

Kwetu Rombo, kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na makaburi ya babu zetu, hurithiwa na kitinda mimba. Kitinda mimba ni mimi. Nami kazi yangu ni kubuni molekuli za kaboni zinazotoa mwanga zikipitishiwa umeme, kama zile za kwenye vioo vya simu. Desemba hii Wachaga walipopanda mlimani Kilimanjaro kula Krismasi kwao, nami nikapanda, kumwomba baba ruhusa ya kutorudi kulima.

Alfajiri niliondoka Dar kwa basi, kisahani cha kioo nimekificha ndani ya soksi. Kilipakwa utando mwembamba wa molekuli yangu ya buluu. Nyekundu na kijani zilishatulia zamani. Buluu ndiyo mtukutu. Mwanga wake unadai nguvu nyingi, na nguvu hiyohiyo huivunja molekuli yenyewe.

Alasiri, Moshi. Waya wa kisahani wa kwenda kwenye betri ulikuwa umeachia njiani, fundi redio wa Majengo akauchomelea, akawasha.

"Aisee! Rangi hii umeitoa wapi?"

"Nimeibuni mwenyewe."

"Acha fiksi, bwana!"

Nikavimba kichwa mpaka Rombo.

Jioni nilifika nyumbani, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

Akaonja mbege, pombe yetu ya ndizi, yeye kwanza, kama impasavyo mwenyeji, kisha akanipa. Nikawasha kisahani. Uso wake wote ukawa buluu.

"Itadumu muda gani hii?"

Kabla sijajibu, madoa meusi yakaanza kutambaa kutoka ukingoni. Unyevu ndio sumu yake, na gundi ya ukingo pengine ililegezwa na joto la kuchomelea kule Majengo. Ikazima. Baba alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Basi kazi hujaimaliza," akasema.

"Bado, baba. Nilikuja kuomba..."

"Najua. Kihamba nimeshampa dada yako. Wazee wa ukoo walinuna weee, wakachoka."

Asubuhi dada Anjela alinitembeza. Mimea mipya ya masale ilishaoteshwa mpakani, na miche ya kahawa ilikuwa imenyooka vizuri kuliko enzi zangu. Nikamuuliza kama naweza kukata mkungu mmoja wa ndizi.

"Kata tu, kaka. Mgeni haondoki mikono mitupu."

Mchana nikashika njia ya kurudi. Nilichokifuata nilikipata chote. Kumbe ruhusa nayo huuma: nililia kutoka Himo hadi Same, mkungu umenilalia mapajani.