Kumpa Kiboko Habari za Nyumbani

Wiki chache zilizopita wenzangu wa kazini walirudi kutoka matembezi ya mlimani. Walilala kwenye mahema ndani ya msitu, wakanionyesha picha za ukungu na mabuti yenye matope, wakasimulia jinsi kiongozi wao alivyowaamuru wanyamaze kabisa ili wamwone nyati kabla hajawasikia. Nilitabasamu tu. Nilikuwa nimechoka, uchovu ule usiomalizwa na usingizi, na sikuwa na nguvu za kuwaeleza kwamba kwetu, kando ya mto Tana, mtoto anayenyamaza msituni ndiye anayetiliwa wasiwasi.

Jioni ile ile binamu yangu alipiga simu kutoka kijijini kwetu Idsowe. Shangazi alikuwa amepata kiharusi. Ameanza kutembea, akasema, lakini sauti imekwenda. "Anakutaka wewe. Sisi tukimwongelesha anatufukuza kwa mkono." Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi la Garsen.

Ngoja nikueleze sauti hiyo ilikuwa nini. Shangazi alikuwa na sauti ya kuvuka mto. Akisimama ukingo huu akaita, mwenye mtumbwi wa ng'ambo aliacha chakula chake akaja. Likizo za shule, mpunga ukishavunwa, alitukusanya watoto wote wa ukoo, akabeba sufuria, mchele mpya na kambare waliokaushwa kwa moshi, tukavushwa hadi msituni. Yeye alikwenda kukata ukindu wa mikeka. Sisi tulikwenda kucheza. Tulibembea kwenye kamba za miti, tukatafuna koma, yale matunda ya mkoma, mpaka nyuzi zikatujaa menoni, tukawazomea tumbili nao wakatuangushia makuyu yaliyooza. Mtoni hatukuingia, kwa sababu ya mamba. Tulimwagiwa maji kwa kata mmoja mmoja, tukipiga mayowe. Harufu ya wali ule ukikolea moshi wa kuni mbichi naipata hadi leo nikipita karibu na mtu anayechoma takataka, na huwa nasimama.

Lakini kufika huko kulihitaji kupita njia ya kiboko. Ulikuwa mtaro halisi, mpana kama kitanda, uliolainishwa na mwili wake kila usiku akitoka majini kwenda malishoni. Hakuna aliyelima juu yake wala kutua mzigo pale. Na ukiikanyaga njia ile ulipaswa kuzungumza, kwa sauti, bila kukoma, ukimpa mwenyewe habari za nyumbani: nani amejifungua, mbuzi wa nani amepotea, chungu cha nani kimeungua. Mnyama akijua uliko, Shangazi alisema, hana haja nawe. Anayemuua ni yule anayemshtua.

Jirani yetu Mworma, aliyetuletea maziwa na kulisha ng'ombe wake upande ule, hakuchoka kutucheka. "Nyinyi Wapokomo, kiboko mnampa habari zote. Mimi jirani mnaniambia 'salama' tu."

"Kiboko hapeleki maneno sokoni Garsen," Shangazi akamjibu.

Kwa wenzangu kelele hizo zilikuwa nusu ya raha yenyewe. Kwangu zilikuwa mtihani. Nilikuwa mtoto wa kuigeuza sentensi kichwani mpaka iive, na ilipoiva watu walikuwa wameshahamia habari nyingine. Sijapona. Hata sasa ujumbe wa mistari mitatu unaweza kunila asubuhi nzima. Kazi ninayoifanya nilijifundisha mwenyewe, kipande kipande, na kila siku nasubiri mtu agundue kipande nilichoruka. Shangazi alikuwa ameniambia waziwazi kwamba asiyeongea njiani atabaki nyumbani kupepeta mpunga. Kwa hiyo nilianza kutunga habari zangu mapema na kuzikariri.

Asubuhi ninayoikumbuka ilikuwa ya mawingu mazito na baridi. Nilikuwa wa mwisho kwenye mstari. Mbele yangu walikuwa wakibwata kama kawaida, na mimi nilikuwa bado natafuta namna nzuri ya kuanza habari ya kuku wetu aliyekuwa akiatamia. Wakapinda kona. Nikabaki peke yangu na ukimya wangu. Ndipo nyasi zikavunjika nyuma yangu, na pumzi ikatoka kama pampu ya shambani inayokataa kuwaka. Kiboko alikuwa amechelewa kurudi kwa sababu ya baridi ile, na mimi nilikuwa nimesimama kati yake na mto.

Sijui Shangazi alijuaje. Nadhani alihesabu sauti, akaona moja haipo. Alitokea konani, panga la ukindu mkononi.

"Toka njiani, mama. Polepole. Na useme!"

Nilirudi kando mpaka mgongo ukagusa mti.

"Sema!"

"Niseme nini?"

"Chochote! Huyo hasahihishi daftari!"

Habari zote nilizokariri zilikuwa zimenitoka. Kilichobaki kichwani ni kile mwalimu wetu alichotukaririsha kila asubuhi kabla ya uji. "Saba mara moja, saba!" nikapiga kelele. "Saba mara mbili, kumi na nne!" Kiboko akasimama, masikio yakazunguka. Niliendelea huku nikilia, na Shangazi akaitikia kila jibu kama darasa zima. Nilipofika saba mara nane nikasema hamsini na nne.

"Hamsini na nne!" Shangazi akaitikia kwa sauti yake ya kuvuka mto.

Kiboko akatupita karibu sana, akaturushia matope, akateremka majini.

Shangazi akakaa chini palepale, akacheka mpaka akashika mbavu. Jioni jirani wa maziwa alikuwa ameshazipata habari. "Hamsini na Nne," akaniita mlangoni, "lete chombo." Jina likanikaa utoto wote. Jibu sahihi, hamsini na sita, nililikumbuka kabla ya kulala, na likanichoma kuliko hofu ya mnyama. Nilipomweleza Shangazi, akanitazama kama niliyepungukiwa akili. "Basi rudi ukamwambie."

Safari hii nilimkuta barazani, nguo zimemzidi mwili. Asubuhi alinishika mkono akaonyesha ng'ambo kwa kidevu. Haikuwa ng'ambo tena. Mafuriko yamekata mkondo mpya, mto umehama, na msitu wetu sasa unafikiwa kwa miguu, juu ya mchanga mkavu. Mikuyu imekuwa mkaa. Palipokuwa na ukindu pana mahindi na uzio wa miiba. Jirani wa maziwa aliondoka na ng'ombe wake mwaka wa ukame na hakurudi. Kiboko, binamu aliniambia, hajaonekana tangu maji yaondoke.

Tulipofika palipokuwa na mtaro, sasa kibonde kilichoota nyasi, Shangazi alisimama. Nilijaribu kumvuta taratibu. Akakataa, akanitazama, akasubiri. Hapo nikaelewa kwa nini alinitaka. Alitaka kupita njia yake, na sauti ya kuipitia hakuwa nayo.

Mwanamke aliyekuwa akipalilia mahindi aliinua kichwa kututazama. Nikaona aibu. Nikatafuta habari za nyumbani za kusema, nikagundua sina hata moja. Sijui nani amejifungua. Sijui mbuzi wa nani amepotea. Nimekaa mbali muda mrefu, nikihangaika nisikosee, na huku kila kitu kilikuwa kinaondoka bila kunisubiri.

"Saba mara moja, saba," nikaanza. Shangazi akanyanyua mguu. Tukaenda hivyo, hatua kwa hatua, hakuna nyasi inayovunjika, hakuna pumzi, majani ya mahindi tu yakisuguana. Nilipofika saba mara nane nikanyamaza.

Shangazi akaubinya mkono wangu. "Hamsini na nne," akasema, kwa sauti iliyokuwa pumzi tu.

Nikairudia kwa nguvu zangu zote, kuelekea kule mto ulikokuwa, tukavuka.