Madoa Mawili Mapya

Niliondoka nyumbani Mabira nikijua nimepona. Kwa miezi saba miguu haikufa ganzi, jicho la kulia liliona vizuri, na kahawa nilichuma mwenyewe. Nina maltipo sklerosisi, ugonjwa unaoifanya kinga ya mwili iigeukie mishipa ya fahamu na kuishambulia. Daktari alitaka kichwa kipigwe picha tena. Nikamwahidi mama mkwe kwamba nitarudi na picha safi.

"Waulize kama unaambukiza," aliniambia mlangoni. "Kuna watoto hapa."

Alfajiri bodaboda ilinishusha Kayanga, nikapanda basi la Mwanza. Mchana joto lilipozidi, jicho la kulia likaingia ukungu. Nikasema ni vumbi. Mtu akitaka kujidanganya, sababu hazimwishi.

Asubuhi ya pili, hospitalini, nililazwa ndani ya mashine inayogonga kama mafundi wanaoezeka bati. Wakanichoma dawa ya kung'arisha picha, kisha wakaniambia nisitikisike.

Saa nane mchana daktari aliniita mbele ya kompyuta yake.

"Haya madoa meupe ni makovu ya zamani. Haya mawili yanayong'aa ni mapya."

"Lakini daktari, mbona sisikii kitu?"

"Mengine hutokea kimya, dada yangu. Picha haiwezi kuniambia utatembea mpaka lini. Inaniambia tu kwamba ugonjwa haujalala, na dawa unayotumia haitoshi. Tutaibadilisha."

Nikauliza la mama mkwe. Akajibu: "Hauambukizi. Hata kidogo."

Nililia kwenye basi la kurudi, nimejifunika kitenge usoni.

Nilifika nyumbani jioni. Mama mkwe alikuwa jikoni akimenya ndizi, nikamwamkia, nikachukua kisu cha pili nimsaidie. Akauliza picha imesemaje. Nikatafuta mfano atakaouelewa.

"Ni kama mgomba wenye mnyauko, Mama. Kwa nje majani ni ya kijani, ukiukata ndani unakuta ugonjwa umo. Ila huu wangu hauambukizi."

"Nimesikia, mwanangu. Pole sana."

Nilijisifu moyoni kwa mfano wangu.

Tulipomaliza, alikichukua kisu nilichotumia, akakiweka kwenye moto, akakigeuza upande wa pili. Ndivyo tunavyofanya sote shambani tukishakata mgomba mgonjwa, kisu kisipeleke mnyauko kwa migomba mizima.

"Mama, nimekwambia hauambukizi!"

"Usikasirike," alinijibu kwa upole, hakuacha kukigeuza. "Mnyauko naujua. Umeniulia shamba zima."

Mdomo huponza kichwa, na wangu umekiponza kichwa kilichokuwa tayari na madoa. Nilijifunza Mwanza kwamba kujisikia mzima si kupona. Nyumbani nilijifunza kwamba neno moja baya hufuta maelezo yote ya daktari. Nimemweleza tena na tena, naye kila mara hunijibu kwamba amesikia. Kisu changu sasa kina msumari wake ukutani, mbali na vingine, na watoto wameshazoea kutokigusa.